Nasoma mtandaoni niwe muuguzi tabibu, na mwanangu ameandika mlangoni kwamba sipo

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 39, mzaliwa wa Moshi, na huu ni mwaka wa 11 tangu mimi na mume wangu tuhamie Houston, Texas. Tumejaliwa watoto watatu wenye umri wa miaka 12, 9 na 4. Nyumbani nilikuwa nimehitimu stashahada ya uuguzi na kufanya kazi katika hospitali ya wilaya kwa miaka mitatu kabla ya jina letu kutoka katika bahati nasibu ya Green Card. Huku nilianza upya kabisa: kwanza kuwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kulelea wazee, kisha mtihani wa leseni, kisha kazi ya RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa, kisha shahada ya kwanza ambayo niliimalizia usiku baada ya watoto kulala. Leo ninafanya zamu tatu za usiku kila wiki, saa 12 kila moja, katika wodi ya wagonjwa wa ndani na wa upasuaji. Kazi hiyo ninaipenda. Naweza kuingia chumbani saa tisa usiku, nikamtazama mgonjwa ambaye vipimo vyake bado havijasema lolote, nikajua kwamba kabla ya alfajiri hali yake itabadilika, na mara nyingi huwa hivyo.

Mwaka juzi nilijiunga na chuo kilicho katika jimbo jingine ili nisome shahada ya uzamili kwa njia ya mtandao na niwe muuguzi tabibu wa familia, ambaye huku tunamwita FNP, yaani muuguzi anayeruhusiwa kumpima mgonjwa, kubaini maradhi na kuandika dawa, kuanzia kwa mtoto mchanga hadi kwa mzee. Nilimwambia mume wangu maneno ambayo leo yananirudi: "Ni kozi ya mtandaoni tu, sitatoka nyumbani."

Kwa mihula minne ilikuwa hivyo. Mihadhara naisikiliza kwenye kompyuta, mitihani naifanya chumbani huku kamera ikinitazama, na chuoni nimekwenda mara moja tu, kwa siku nne, kuonyesha mbele ya walimu kwamba najua kumpima mtu kuanzia kichwani hadi miguuni. Zile kozi ngumu tunazoziita "P tatu" kwa herufi ya kwanza ya majina yake ya Kiingereza, ya jinsi maradhi yanavyouharibu mwili, ya dawa, na ya upimaji wa mgonjwa, nimezifaulu. Lakini kwa kuwa nasoma nikiwa nyumbani, kila mtu anaamini kwamba nipo. Simu za shule ya watoto huja kwangu, mgeni akifika mimi ndiye wa kumpikia, na fundi wa mabomba hupangiwa siku yangu ya mtihani. Mwezi uliopita nilitoka chumbani nikakuta mwanangu wa pili amebandika karatasi mlangoni, ameandika kwa herufi kubwa: MAMA HAYUPO. Nilipomuuliza, aliniambia kwamba mdogo wake akiambiwa mama yupo anasoma, haachi kugonga, lakini akiambiwa mama hayupo, ananyamaza na kwenda zake.

Sasa nimefika kwenye mafunzo kwa vitendo. Kuanzia Januari natakiwa kutimiza saa 750 katika mihula mitatu, kliniki, ana kwa ana na wagonjwa, chini ya daktari au muuguzi tabibu mwenye leseni, bila malipo yoyote. Chuo kimeniambia nitafute wasimamizi hao mwenyewe na karatasi zao ziwe zimefika kabla ya katikati ya Novemba. Nimepiga simu na kuacha barua katika kliniki 23. Daktari mmoja wa kanisani kwetu amekubali kunipokea kwa muhula wa kwanza, ule wa wagonjwa watu wazima. Kwa watoto na kwa afya ya wanawake sijapata mtu. Yupo wakala anayedai dola 2,400 kwa kila mzunguko ili anitafutie.

Lililo zito zaidi ni kazi. Meneja wangu wa wodi amesema ratiba yangu haiwezi kupindishwa, na kwamba nikitaka siku za kliniki nihamie kwenye kundi la wauguzi wanaoitwa zamu kwa zamu, wasio na mafao. Bima ya afya ya familia nzima inatoka kwenye ajira yangu, kwa sababu mume wangu ni dereva wa lori anayejitegemea. Haya yote hayajui. Anajua kwamba nimekopa kwa ajili ya masomo, hajui kwamba deni limefika dola 21,000. Anachojua ni kwamba tulikubaliana fedha za mwaka huu ziende kupaua nyumba yetu ya Kibaha, ambayo boma lake limesimama tangu mwaka jana na linanyeshewa, na kwamba baada ya miaka mitano au sita tutarudi nyumbani. Kila ninapoanza kumweleza, yuko barabarani, mara Oklahoma, mara Tennessee, na simu inakatika. Mama mkwe, ambaye amekuwa akimlea mtoto mdogo, anaondoka mwishoni mwa Desemba kwa kuwa muda wake wa kukaa kama mgeni unakwisha.

Shemeji yangu ametuma kwenye kundi la familia habari ya shule za uuguzi za Florida zilizokamatwa zikiuza vyeti, akauliza kama na mimi nasoma "zile za kwenye kompyuta". Mama yangu, kwa upande wake, ameshawatangazia majirani kwamba mwanawe anakuwa daktari. Hapa Houston wanawake watatu wa jumuiya yetu wamemaliza FNP, mmoja kwa njia hii hii ya mtandao, na wote wanaonekana kunawiri. Nikiacha, nitasema nini? Nikiendelea, naogopa. Wiki iliyopita nilisinzia kwenye taa nyekundu nikitoka zamuni, nikaamshwa na honi.

Niendelee, niahirishe, au niache?

Wako,
Muuguzi wa usiku, Houston

JIBU LA MSHAURI

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa kugonga milango ya kliniki 23. Watu wengi wangekuwa wamekata tamaa kwenye ya saba.

Umeniuliza swali moja na kunipa majibu matatu nichague. Sitachagua, na nitakueleza sababu kadiri tunavyoendelea. Kwanza nikurudishie ulichoniandikia kwa mpangilio wangu: una kozi ngumu nyuma yako na saa 750 mbele yako, ajira moja inayobeba bima ya watu watano, deni ambalo ukubwa wake unaujua peke yako, nyumba isiyo na paa, msaidizi anayeondoka siku chache kabla ya mzigo kuongezeka, na mume ambaye jambo hili linamhusu kwa kila upande lakini hajalisikia. Ukitazama vizuri utaona kwamba sehemu ya masomo ni moja tu kati ya hizo.

Nianze na taa nyekundu, ambayo umeiweka karibu na mwisho wa barua kama kitu kidogo. Tufanye hesabu. Saa 750 kwa mihula mitatu ni saa 250 kwa muhula. Muhula ukiwa na wiki 15, ni karibu saa 17 kila wiki, yaani siku mbili nzima za kliniki na zaidi kidogo. Zamu zako ni saa 36. Tuseme kusoma na kuandika taarifa za wagonjwa ni saa 15, ingawa nina wasiwasi ni zaidi. Jumla ni 68. Wiki ina saa 168. Ukitoa hizo 68 na saa 49 za kulala, zinabaki 51. Kwenye karatasi unaweza. Tatizo ni kwamba kliniki huwa za mchana na zamu zako ni za usiku, na mwili hauwezi kuhamisha saa za kulala kutoka Jumapili kwenda Jumatano kama mtu anavyohamisha fedha kwa simu. Ukitoka wodini saa moja na nusu asubuhi na mgonjwa wa kwanza wa kliniki akiwa wa saa mbili na nusu, utakuwa unamwandikia mtoto kipimo cha dawa ukiwa umekesha. Wewe ni muuguzi, unajua hilo linaishia wapi kuliko mimi. Kwa hiyo ningeomba swali la kwanza lisiwe kama uendelee, liwe kama inawezekana uendelee huku ukibaki kwenye zamu tatu za usiku. Nadhani jibu la hilo unalo tayari.

Meneja wako amekupa njia mbili, kubaki kama ulivyo au kupoteza mafao. Je, ni kweli ziko mbili tu? Hospitali nyingi za Marekani huwapa bima wafanyakazi wanaofanya zamu mbili kwa wiki, saa 24, ingawa mchango wanaokatwa huwa mkubwa zaidi. Meneja wa wodi hupanga ratiba, lakini kanuni za mafao zipo idara ya rasilimali watu, na huko ndiko pa kuuliza, kwa maandishi. Uliza pia kuhusu zamu za mwishoni mwa wiki na kuhusu kuhamia wodi nyingine. Uliza kama hospitali inachangia masomo ya wafanyakazi, kwa sababu sheria ya kodi ya Marekani inamruhusu mwajiri kumlipia mfanyakazi hadi dola 5,250 kwa mwaka bila kukatwa kodi, japokuwa mara nyingi mwajiri hudai umtumikie kwa muda fulani baada ya hapo. Na hata bima ya kazini ikipotea, kupotea kwake kunakupa siku 60 za kujiandikisha kwenye soko la bima la serikali bila kungoja msimu wa kawaida. Bima hiyo huenda ikawa ghali au ikawa na masharti usiyoyapenda. Pata bei yake halisi kabla hujaiogopa, na kabla hujaitegemea.

Sasa neno "mtandaoni". Wewe, mumeo, shemeji yako na hata mtoto wa miaka minne mmelitumia kwa maana nne tofauti. Shemeji analiunganisha na udanganyifu. Habari aliyoituma ni ya kweli: Januari 2023 serikali ya shirikisho ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 kwa kuuza zaidi ya vyeti 7,600 bandia kutoka shule tatu za Florida. Lakini vile vilikuwa vyeti vya kuwawezesha watu kufanya mtihani wa leseni ya uuguzi wa kawaida, bila kusoma na bila kugusa mgonjwa. Chuo chako unaweza kukipima kwa vitu viwili: kama programu hiyo ina ithibati ya chombo kinachotambulika cha elimu ya uuguzi, kama CCNE au ACEN, na kama Bodi ya Uuguzi ya Texas inawapokea wahitimu wake. Hilo la pili lina uzito kwa sababu chuo kiko jimbo jingine. Kama hujawahi kuliangalia kwa macho yako mwenyewe, liangalie leo. Ikiwa yote yako sawa, shemeji anaweza kujibiwa kwa mistari miwili, na kundi la familia likaendelea na salamu za harusi.

Kusoma uuguzi kwa masafa si jambo la jana. Frontier Nursing University ya Kentucky, ambayo mizizi yake ni wauguzi waliopanda farasi milimani kuwafikia wajawazito tangu 1925 chini ya Mary Breckinridge, ilianza kufundisha wakunga kwa masafa mwaka 1989, kabla watu wengi hawajaiona intaneti. Kusudi lilikuwa muuguzi wa kijijini asihame. Asome palepale anapofahamika na afanye mazoezi kwa watu wanaomjua. Nadhani hapo ndipo njia hii imekuelemea. Wewe unaishi katika jiji kubwa, unafanya kazi usiku, na madaktari wa kliniki za mchana hawajawahi kukuona. Kliniki 23 zilikuwa zinajibu barua ya mtu wasiyemfahamu.

Katika hili la wasimamizi, naomba usijione mzembe. Kwa miongozo ya CCNE, kuhakikisha kuna vituo vya mafunzo ni jukumu la programu yenyewe. Mwanafunzi anaweza kupendekeza mahali, lakini mzigo haupaswi kuwa wake peke yake. Ikiwa chuo chako kina ithibati hiyo, mwandikie mkuu wa programu, kwa adabu, orodha ya kliniki ulizozijaribu na tarehe zake, na uulize chuo kitafanya nini kuhusu watoto na afya ya wanawake. Barua yenye tarehe huwa na nguvu kuliko simu. Jaribu pia ofisi ya elimu ya hospitali yako, maana kliniki zilizo chini ya mwajiri wako zinaweza kumpendelea mfanyakazi wao. Vipo pia vituo vya afya vya jamii vinavyofadhiliwa na serikali ya shirikisho, ambavyo huhudumia wajawazito na watoto kwa wingi na ambako Kiswahili chako kinaweza kuwa msaada, kwani Houston imepokea familia nyingi za wakimbizi kutoka Congo. Usisahau mikutano ya chama cha wauguzi tabibu wa jimbo lenu, Texas Nurse Practitioners. Wale wanawake watatu wa jumuiya yenu nao ni wauguzi tabibu wenye leseni. Umewaona wakinawiri, lakini hujaniambia kama umewahi kumwomba hata mmoja wao akupokee. Je, ni kwa sababu ungelazimika kukiri kwao kwamba umekwama?

Kuhusu wakala, wapo wanaofanya kazi yao kwa uaminifu. Hata hivyo, kwa mizunguko miwili unazungumzia dola 4,800, na chuo kinaweza kumkataa msimamizi aliyepatikana baada ya wewe kulipa. Ukifika huko, mkataba uonyeshe wazi fedha zinarudi lini na kwa sababu zipi, na chuo kiwe kimemkubali msimamizi kabla hujatoa malipo.

Niruhusu sasa niulize jambo ambalo hukuliuliza. Barua yako ina sentensi moja yenye furaha, nayo inahusu wodi saa tisa usiku. Kazi unayoisomea ilizaliwa nje ya hospitali: mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianza kuwaandaa wauguzi wa afya ya jamii kuwahudumia watoto waliokosa madaktari karibu. Hadi leo cheti cha FNP ni cha huduma ya msingi. Siku yake ni kisukari, presha, chanjo, kikohozi, fomu ya shule, wagonjwa wa dakika 15 au 20 mmoja baada ya mwingine, na majibu ya maabara ya kusoma jioni. Ni kazi yenye heshima na ina watu wanaoipenda kwa moyo wote. Huenda wewe ni mmoja wao. Lakini jicho ulilolieleza, la kumwona mgonjwa anayekaribia kuzidiwa, lina njia yake nyingine, ile ya uuguzi tabibu wa wagonjwa wa hospitalini, na P tatu ulizofaulu mara nyingi hutumika huko pia. Je, ulichagua FNP kwa sababu unaitaka, au kwa sababu ndiyo wenzako waliyosoma na ndiyo iliyokuwa na tangazo kubwa zaidi? Kubadili njia kuna gharama zake: unaweza kupoteza muhula au miwili, na huko nako kuna saa za kutimiza. Naliuliza sasa kwa sababu baada ya saa 750 litakuwa swali ghali sana.

Kwenye fedha nitakuwa mfupi. Kwa takwimu za serikali ya Marekani za Mei 2023, mshahara wa kati wa RN ulikuwa dola 86,070 kwa mwaka, na wa muuguzi tabibu dola 126,260. Tofauti hiyo ni kubwa. Lakini wewe hulipwa nyongeza ya usiku na ovataimu, ilhali muuguzi tabibu wa kliniki mara nyingi hulipwa mshahara usiobadilika hata akirudi na mafaili nyumbani. Linganisha na hati yako mwenyewe ya mshahara. Texas nayo inamtaka muuguzi tabibu awe na makubaliano ya maandishi na daktari ndipo aandike dawa, tofauti na New Mexico jirani zenu, kwa hiyo ndoto ya kufungua kliniki yako, kama unayo, ina mtu wa pili ndani yake. Na kama kweli mnarudi Kibaha baada ya miaka mitano, miwili kati ya hiyo itakuwa imekwenda kwenye mafunzo, mtihani wa cheti na kutafuta kazi. Nyumbani sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanywa na tabibu wa zahanati, ambaye amesomea ngazi nyingine kabisa. Waandikie Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania uulize wangekusajili kama nani, ndipo wewe na mumeo mjue kama mipango yenu miwili inakutana mahali au inapishana.

Tuje kwenye majibu yako matatu. Kuendelea Januari kunawezekana ikiwa zamu zitapungua, bima itabaki, na mtoto mdogo atapata wa kumwangalia. Bila moja ya hayo, unaingia kwenye muhula ambao unaweza kuushindwa, na kushindwa mafunzo kwa vitendo ni vigumu zaidi kurekebisha kuliko kuyachelewesha. Kuahirisha muhula mmoja kunakupa nafasi ya kupata wasimamizi wa watoto na wanawake, lakini kuna mitego: daktari wa kanisani huenda akampokea mwingine, chuo kinaweza kuwa na ukomo wa miaka ya kumaliza, na mkopo wa serikali una saa yake. Likizo iliyoidhinishwa rasmi, isiyozidi siku 180 ndani ya miezi 12, kwa kawaida haikuhesabu kuwa umeacha chuo. Ukiondoka kienyeji, baada ya miezi sita unaanza kudaiwa. Isitoshe, sheria iliyosainiwa Julai 2025 inafunga Grad PLUS, mkopo wa serikali kwa wanafunzi wa uzamili, kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026 na kuweka ukomo wa dola 20,500 kwa mwaka kwa wanafunzi wengi wa uzamili, kwa hiyo iulize ofisi ya mikopo, kwa maandishi, kama kuahirisha kutakubadilishia hadhi. Kuacha nako si kuondoka mikono mitupu. Kozi ulizofaulu zinaweza kuhamia kwenye shahada ya uzamili ya kufundisha uuguzi au kwenye njia nyingine, ingawa vyuo hutofautiana, na deni la dola 21,000 litabaki deni vyovyote vile.

Umeuliza utasema nini ukiacha. Mama yako amesema "daktari" kwa sababu hana neno jingine, na majirani wa Moshi wataendelea kukusifu kwa jambo lolote utakaloleta. Mimi ningehangaikia zaidi utakachomwambia mumeo ukiendelea.

Umeandika kwamba simu hukatika kila unapoanza kumweleza. Naamini. Lakini kwa miaka miwili amekuwa akirudi nyumbani kati ya safari na safari, na habari ya P tatu mmeongea, na ya paa mmeongea. Nadhani unaogopa kwamba atakukumbusha ulivyosema hutatoka nyumbani, na atakuwa na haki ya kukumbusha, kwa sababu wakati ule uliamini hivyo na yeye akaamini kupitia kwako. Barua yako haina mahali ambapo mumeo amekataa usisome. Kimya chako ndicho kimemwandikia jibu. Inawezekana atakasirika, hasa kwa deni na kwa bima, na hasira hiyo si lazima iwe hukumu juu ya masomo. Inawezekana pia kwamba dereva anayelala kwenye lori Tennessee, mbali na watoto kwa siku tano, anajua kuliko yeyote maana ya kufanya kazi kwa ajili ya familia usiyoiona. Chagua siku ambayo yuko nyumbani na wewe hujatoka zamuni. Mwekee mezani kalenda ya Januari hadi Aprili, kiasi halisi cha mkopo, majibu ya idara ya rasilimali watu na bei ya bima, na ueleze kabla ya kuomba. Ikibidi mama mkwe awepo, awepo; ndiye anayejua kuliko nyote siku ya mtoto huyo wa mwisho inavyokwenda, naye ataondoka na maarifa hayo.

Ile karatasi ya mlangoni usiibandue kwa uchungu. Mwanao aliona tatizo, akalitatua kwa akili ya miaka tisa, na akakulindia saa zako bila kuombwa. Anaweza kukaa na ninyi mnapoipanga kalenda, achague mwenyewe rangi ya siku za kliniki, ili mdogo wake ajue siku ambayo mama hayupo kweli na siku ambayo akigonga atafunguliwa saa fulani.

Novemba haiko mbali. Ukishapata jibu la zamu mbili na jibu la mkuu wa programu, niandikie tena, hata kama yote mawili yatakuwa hapana. Na asubuhi ya kesho, ukitoka zamuni, omba mtu akupeleke.